Pikapu kuukuu ya dizeli: nozeli au matairi?

Mwenye Toyota Hilux ya miaka ya 1990 yenye injini iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu), dizeli ya lita 2.8, akitaka kupunguza ulaji wa mafuta, anaweza kupeleka nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta vya injini, kwa fundi wa pampu za dizeli au kuondoa matairi mapana ya matope. Nozeli iliyochoka hudondosha dizeli badala ya kuinyunyiza kama ukungu, hivyo sehemu yake haiungui vizuri na hutoka kama moshi mweusi. Chujio la hewa lililoziba nalo huleta moshi uleule, na kulikagua kwanza ni rahisi zaidi. Matairi membamba ya lami, yakijazwa upepo unaotakiwa, huifanya gari ibingirike kwa wepesi, lakini hayamfai apitaye njia za tope. Gari ikifuka moshi hata chujio likiwa safi, ningeanza na nozeli.