Chupa Ipi kwa Mtoto Mchanga Mwenye Gesi? Nilivyozipanga, Kuanzia ya Kwanza hadi ya Mwisho

Mwanangu wa pili alipofikisha wiki 5 alikuwa akimaliza chupa kwa dakika 4, halafu anakunja miguu hadi tumboni, uso unamwiva, analia saa nzima. Nilishanunua seti tatu za chupa. Kila kisanduku kiliandikwa kwamba huzuia gesi, na kila kimoja nilikifungua kwa matumaini mapya.

Jioni moja wifi yangu alikuja kunipokea mtoto. Hakumtazama mtoto, alifumba macho akamsikiliza anavyokunywa: kwa, kwa, kwa, bila kupumua, kisha kikohozi. Akaniambia, "Wifi, huyu hanywi. Anameza asizame." Akaichomoa chuchu, akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akanionyesha namba ndogo ya mtiririko iliyochongwa pembeni: 2, yaani ya mtoto mkubwa zaidi. Seti ile iliuzwa kuwa ya mtoto mchanga, na mimi nilikuwa sijawahi kuisoma chuchu yenyewe.

Ndiyo maana mpangilio wangu hauanzi na chupa.

Ya kwanza: chuchu ya mtiririko wa polepole kabisa

Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua hiki. Maziwa yakitoka kasi kuliko mtoto anavyoweza kumeza, anagugumia, na kila mgugumio unashuka na hewa. Dalili utaziona mwenyewe: maziwa yanachuruzika pembeni mwa mdomo, anapaliwa, anakaza vidole, anatoa macho, anageuza kichwa kukimbia chupa ingawa njaa bado anayo.

Tafuta chuchu ya namba 0 au 1, au iliyoandikwa kuwa ya mtoto aliyezaliwa karibuni. Lakini namba zisikudanganye. Kila kampuni ina vipimo vyake, na namba 1 ya hapa inaweza kumwaga maziwa haraka kuliko namba 2 ya pale. Pima nyumbani: tia maji kwenye chupa, igeuze juu chini bila kuibinya. Ukishapita ule mchirizi mfupi wa mwanzo, maji yanapaswa kudondoka tone moja moja. Yakiendelea kutiririka kama uzi, chuchu hiyo ni ya mtoto mkubwa.

Umri ulioandikwa kwenye pakiti nao si amri. Mtoto wa miezi 4 anayekunywa kwa utulivu na chuchu ya mwanzo hana sababu ya kupandishwa. Mpandishe pale anaponyonya kwa nguvu mpaka chuchu inabonyea, anakasirika, anachoka kabla hajashiba. Na usitoboe tundu kwa sindano ili alishwe haraka. Hakuna njia fupi kuliko hiyo ya kurudi kwenye kilio.

Ya pili: chupa yenye mrija wa hewa ndani

Hizi ndizo zilizotusaidia zaidi baada ya kubadilisha chuchu. Zinazojulikana sana ni za kampuni ya Dr. Brown's. Mtoto anaponyonya, maziwa yanapungua na nafasi yake lazima ijazwe na hewa. Kwenye chupa isiyo na njia ya hewa, hewa hiyo huingia kwa vishindo kupitia kwenye chuchu, au chuchu hushikana kama begi tupu mpaka mtoto aiachie. Mrija unaichukua hewa kutoka shingoni mwa chupa na kuipeleka nyuma, juu ya maziwa, kwa hiyo haipiti katikati yake ikitengeneza mapovu. Mtoto ananyonya mfululizo bila kupambana.

Ubaya wake ni kuosha. Vipande ni vingi, na mrija unahitaji brashi nyembamba mno inayokuja nayo, ukiipoteza utahangaika. Maziwa yakiganda mle ndani huyaoni mpaka yanuke. Pia usijaze kupita mstari, na usipashe wala kutikisa maziwa mrija ukiwa ndani, yatapanda na kuvuja. Kama nyumbani kuna mtu mmoja tu anayelisha, anayeosha na anayeamka usiku, fikiria hilo kabla hujanunua.

Ya tatu: chupa ya kawaida yenye vali kwenye chuchu

Ndiyo niliyomnunulia mdogo wangu alipojifungua. Pembeni mwa chuchu kuna kimkato kidogo au tundu linaloruhusu hewa kuingia ndani ya chupa. Vipande ni vichache, inaoshwa haraka, na kwa watoto wengi inatosha ikiwa mtiririko ni sahihi.

Kuna jambo moja ambalo watu hawaambiwi dukani. Baada ya kuchemshwa, kimkato kile hujishika. Kibinye kwa vidole safi mpaka uone kimefunguka. Halafu ile pete ya kukazia usiikaze mpaka mwisho kama kifuniko cha chupa ya soda, maana ukiibana sana unaiziba njia ya hewa. Ikaze mpaka isivuje, basi. Mtoto akinyonya, unatakiwa uone vipovu vidogo vikipanda ndani ya maziwa. Visipoonekana na chuchu inabonyea, legeza pete kidogo. Nimeona chupa nzuri zikitupwa kwa kosa hili tu.

Ya nne: chupa yenye matundu kitakoni

Kampuni ya MAM ina aina hii. Kitako kinafunguka, ndani kuna kisahani laini cha silikoni chenye vitundu, hewa inaingilia chini. Kuosha ni raha, mkono unafika kote. Lakini kisahani hicho kikikaa upande kidogo, saa nane za usiku utakuta maziwa yote yameishia mapajani mwako. Jaribu kwanza kwa maji.

Ya tano: chupa laini ya silikoni nzima

Inabonyea mkononi, na watoto waliozoea ziwa wakati mwingine huikubali upesi. Hatari ni kwamba mlishaji huibinya bila kujua na kumsukumia mtoto maziwa. Mfundishe kila atakayemshika mtoto.

Ya sita: chupa iliyopinda shingo

Mpindo unasaidia chuchu ibaki imejaa maziwa. Mkono wako unaweza kufanya kazi hiyo bure.

Usinunue kabisa vishikio vya kuegemeza chupa ili mtoto anywe peke yake. Mtoto mchanga hawezi kuisukuma akipaliwa. Matone ya gesi nayo hayajathibitika kumaliza chango (kile kilio kirefu cha tumbo cha mtoto mchanga), hata kama yanauzwa kwenye rafu ileile ya chupa. Usimpe dawa yoyote bila kuuliza mhudumu wa afya.

Chupa, hata ile ya kwanza katika orodha yangu, haiponyi chango. Ushahidi wa chupa hizi ni hafifu kuliko maneno ya kwenye visanduku. Kilio cha watoto wachanga kwa kawaida hupanda kufikia wiki ya 6, kisha hupungua taratibu kufikia miezi 3 au 4, chupa yoyote uliyonayo. Kinachopunguzwa na chupa nzuri ni hewa inayomezwa, na kwa mtoto kama wangu hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya taabu. Namna ya kulisha inafanya mengine: mkalishe nusu wima, kichwa kiwe juu kuliko tumbo, chupa iwe karibu kulala, ikiinuka tu kiasi cha kuijaza chuchu. Kila baada ya dakika chache shusha chupa, muache apumue, mweke begani abeue. Mlo wetu ulirefuka kutoka dakika 4 hadi karibu 18. Kilio hakikuisha, ila kiliacha kuwa cha saa nzima.

Maziwa ya unga nayo yana mapovu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri yachanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Changanya kwa kuzungusha chupa polepole badala ya kuitikisa, kisha yanapopoa mpaka kuwa vuguvugu, povu nalo linatulia. Dondoshea tone kifundoni mwa mkono kabla ya kumpa. Yakibaki baada ya mlo, mwaga.

Kama ananyonya ziwa na anaongezeka uzito, usimuanzishie chupa kwa ajili ya gesi. Na kuna vilio ambavyo si vya dukani: homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 3, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, tumbo lililovimba na kuwa gumu, kukataa kunyonya, kulegea, au nepi kavu kwa saa nyingi. Hapo mpeleke hospitali mara moja.

Kuhusu malighafi sitasema mengi. Plastiki ya polipropilini, yenye alama ya namba 5 kitakoni, ni nyepesi na hustahimili kuchemshwa. Ya kioo haikwaruziki wala haishiki harufu, ila ni nzito na huvunjika. Chupa kuukuu za kurithi, zile ngumu zinazong'aa kama kioo, ziache: huenda ni za polikaboneti yenye BPA, kemikali iliyopigwa marufuku kwenye chupa za watoto katika Umoja wa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012. Chupa ya plastiki iliyofifia au kukwaruzika ibadilishe. Chuchu ivute kwa vidole kila kabla ya kuichemsha. Ikinata, ikichanika au ikibadilika rangi, itupe.

Usinunue seti. Nunua chupa moja ndogo, ya mililita 120 au 150, na chuchu mbili za polepole. Mpe mtu mwingine ndani ya nyumba amlishe mtoto, wewe kaa pembeni usikilize anavyomeza. Unataka kusikia: ananyonya, anameza, anapumua. Mpe siku 3 hadi 4 kabla hujaamua, kwa kuwa chupa mpya kila siku humvuruga zaidi. Mdundo huo ukikaa, rudi dukani ukachukue nyingine za aina ileile.