Gemu zangu za mwaka 2024: Zau mbele, nyingine zifuate

Nianze na jibu: gemu yangu ya mwaka 2024 ni Tales of Kenzera: Zau. Ziko mbili humu chini zinazoipita kwa ufundi, nami nitazitaja bila kuficha. Lakini Zau ndiyo pekee iliyomfanya mama yangu avute kiti, akae nami mpaka usiku, na kuanza kubishana na mhusika.

Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba yake, na hakubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, wanapatana: Zau akamate roho tatu kubwa zilizomshinda Kalunga, naye arudishiwe Baba. Hadithi hiyo imo ndani ya nyingine, ya Zuberi, kijana wa mji wa Amani, ambaye naye kafiwa na baba na kuachiwa kitabu. Aliyeibuni gemu ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule yule aliyempa mhusika Bayek sauti yake katika gemu ya Assassin's Creed Origins. Aliibuni kutokana na msiba wa baba yake mwenyewe, na ukicheza unaona. Hasira ya Zau haijapambwa. Kuna wakati anasema maneno ya kuudhi, kama wasemavyo wafiwa, na gemu haimkemei.

Sauti unaweza kuziweka za Kiswahili. Nimecheza gemu tangu utotoni hapa Tanga, na miaka yote mama akipita nyuma yangu alikuwa anaona picha zinakimbia tu. Safari hii alisikia. Zau alipomfokea Kalunga, mama akasema, "Hana adabu huyu mtoto. Mzee mwenyewe mpole vile!" Na kweli Kalunga ni mpole, anafuatana na Zau kama babu anayemsindikiza mjukuu. Kila baada ya mwendo fulani kuna mbuyu, Zau anaketi chini yake na kusema yaliyomo moyoni, na uhai wake unaongezeka. Mwenye haraka ataona vituo hivyo vinamchelewesha. Mama alinikataza kabisa kuvikatisha, na namshukuru, maana hadithi yenyewe iko pale.

Kwenye kupigana kuna barakoa mbili. Ya jua ni moto na mapigo ya karibu, ya mwezi ni barafu unayorusha kutoka mbali. Unabadilisha kwa kitufe kimoja katikati ya vita, na adui mwenye ngao ya rangi fulani anakulazimisha ubadilishe. Vidole vikishazoea, inanoga. Pambano la Impundulu, ndege wa radi, nalirudia hata leo. Kasoro ipo: adui ni wa aina chache na wanajirudia mno, na ukitoka nje ya njia kuu hukuti mengi ya kukushangaza. Muziki wa Nainita Desai unabeba sehemu nyingi ambazo bila huo zingepwaya. Kwenye The Game Awards, tuzo kubwa za gemu za kila mwaka, iliwania tuzo ya Games for Impact, ya gemu zenye ujumbe, ikachukuliwa na gemu nyingine, Neva. Neva ni nzuri, siikatai. Mimi ningempa Zau.

Sasa Balatro. Hii ndiyo niliyoicheza saa nyingi kuliko zote, na kwa ufundi ndiyo ya kwanza. Kaitengeneza mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, ambaye jina lake halisi hakulitoa. Ilianza Februari kwenye kompyuta na mashine za gemu, Septemba ikaja kwenye simu, na hapo ndipo ilipokaa na mimi. Unapewa karata 52. Unapanga mikono ya poka: jozi, karata tano za mfululizo, karata tano za aina moja, kama kopa tupu. Kila mkono una namba ya bluu na namba nyekundu, zinazidishwa, na lazima ufikishe alama zinazotakiwa kabla mikono haijakwisha. Utamu wote uko kwenye jokari, karata za ziada unazoongeza pembeni. Ziko 150, na kila moja inavunja sheria kwa namna yake. Iko inayoiga uwezo wa jokari iliyo kulia kwake, kwa hiyo hata kuzipanga ni hesabu. Halafu inakuja raundi ngumu ya bosi, inayozifuta nguvu kopa zote, nawe umeujenga mchezo mzima kwa kopa! Hapo unauza jokari uliyoipenda ili uvuke.

Watu wa dini nyumbani wameniuliza kama hii ni kamari. Swali la haki, na hata PEGI, wanaopanga umri wa wachezaji huko Ulaya, mwaka 2024 waliipa alama ya miaka 18 kwa ajili ya sura yake ya poka, kabla ya kuishusha hadi 12 mwaka 2025. Lakini hakuna pa kuweka hata shilingi. Unainunua mara moja, basi, na inacheza bila intaneti. Mimi naihesabu na karata za barazani, zile za wahedi wa sitini.

Animal Well nayo iko juu sana kwangu. Haifiki megabaiti 40. Kwa sisi tunaonunua bando na kuangalia salio kabla ya kupakua chochote, hiyo peke yake ni heshima. Billy Basso aliifanyia kazi miaka saba, hata injini, yaani programu inayoiendesha gemu, akaitengeneza mwenyewe. Unakuwa kitu kidogo cha duara ndani ya pango la giza lenye wanyama, na hakuna anayekueleza lolote. Hupewi upanga. Unapata kijiti cha kupulizia mapovu, kisha unagundua kwamba povu lenyewe linakanyagika. Unapata fataki, unagundua kwamba mizuka inaziogopa. Icheze umevaa spika za masikioni, taa zimezimwa, wala usitafute majibu mtandaoni.

Prince of Persia: The Lost Crown niliicheza mwezi wa nane ilipofika Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na laptop yangu ya mtumba iliimudu vizuri. Ni ndugu ya Zau kwa aina, na kwa kuruka, kukwepa na kutafuta siri inaishinda wazi. Kuna jambo moja ambalo kila gemu yenye ramani kubwa ingeiga: ukifika mahali usipoweza kupita, unapiga picha, na picha inabaki pale pale kwenye ramani, ukirudi unajua kilichokushinda. Iliniuma niliposoma Oktoba kwamba timu iliyoitengeneza imevunjwa.

Tekken 8 siwezi kuiacha, ingawa sina mashine ya kuichezea nyumbani. Nailipia kwenye banda la PS mtaani kwetu Chumbageni. Ilitoka Januari na wapiganaji 32, na Eddy Gordo akarudi Aprili, akiuzwa kando. Mwenye banda alimnunua, na alifanya vizuri, kwa sababu waliokua na Tekken 3 walirudi wakiwa watu wazima na familia zao kuja kumchukua Eddy. Kwa Eddy wapo wanaobonyeza ovyo na bado wanashinda. Mimi nimekaa na mpiganaji mwingine, Reina, naye anadai mazoezi ya kweli.

Mpira sikuuweka. FC 25 nacheza kama wengine, sina jipya la kuisifia.

Na Astro Bot, iliyochukua tuzo kubwa ya mwaka kwenye The Game Awards Desemba 2024, nimeionja kwa binamu yangu Dar wakati wa likizo. Dunia chache nilizopita zilinifurahisha mno. Lakini sijaimaliza, na gemu ambayo sijaimaliza siipangii nafasi. Binamu ameahidi kuja na PS5 yake Tanga, na mama ameshauliza kama hiyo nayo inazungumza.