Kambi ya kupasua mabusha hospitali ya wilaya: naipa nyota nne

Mimi ni fundi cherehani huku mkoani Tanga, na fundi suruali hujua siri za wanaume wengi. Mteja akitaka suruali pana kuliko mwili wake, au akihamia moja kwa moja kwenye kanzu na msuli, huulizi. Busha langu nililishonea mwenyewe kwa miaka.

Kabla ya kambi, kituo kimoja cha binafsi kilinivuta maji kwa sindano na hela wakachukua. Haukupita muda likajaa upya.

Kambini sikulipa hata shilingi, ila kilichonikosha ni uchunguzi. Daktari, kijana tu, alianza na shikamoo, akafunga pazia. Akanikohoza huku amenishika kinenani, aone kama ni utumbo ulioshuka, maana ngiri na busha watu wanavichanganya. Kisha akazima taa, akaweka tochi nyuma ya busha. Likawaka jekundu kama kibatari nyuma ya pazia. "Maji haya, mzee wangu." Bado akanipeleka ultrasaundi, kwa kuwa uvimbe mbaya wa kende unaweza kujificha nyuma ya maji hayo hayo.

Nikamuuliza habari ya madafu, maana watu husema ndiyo yanayoleta busha. Akacheka, akasema ninywe tu. Huku pwani mara nyingi chanzo ni minyoo midogo inayosambazwa na mbu, inaharibu mishipa ya limfu, ile inayoondoa maji ya ziada mwilini, taratibu, miaka na miaka. Ndiyo maana zikipita zile dawa za kingatiba, ivermectin na albendazole, tunaambiwa tumeze hata tukiwa wazima.

Upasuaji wenyewe ni ganzi ya mgongoni: unasikia mtu anavutavuta, maumivu huna. Wanamwaga maji na kuushughulikia ule mfuko unaoyatunza, sindano haifanyi hivyo. Ganzi ikiisha utaumia, nisikudanganye.

Nyota niliyoikata ni ya foleni. Muuguzi alisimama koridoni, kina mama wa kliniki wamejaa, akapaza sauti: "Wa mabusha, huku!" Mzee mmoja aliyesindikizwa na mkwewe akainuka, akaaga kwamba amesahau kitu nyumbani. Hakurudi. Huduma yote ile ya kistaarabu, halafu inamwangusha mtu mlangoni! Wangetuita kwa namba tu.

Jingine, hakuna aliyetuambia mapema tuje na chupi za kubana za kushikilia kidonda. Watu wanaovaa misuli watazitoa wapi? Nikiwa kitandani niliwashonea wenzangu wawili kwa mkono, kwa kitambaa cha pamba, muuguzi wa zamu akanitafutia uzi.

Ukienda, beba hizo chupi, msuli safi, na mtu wa kukuletea uji. Kama una sukari au presha sema siku ya vipimo, jirani yangu alinyamaza akaahirishwa. Kunyanyua vizito sahau kwa wiki kadhaa, na kidonda kikitoa usaha au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.