Ultrasaundi ya tezi ya thairoidi: kipimo kizuri, ripoti pungufu

Nilitumwa katika kituo hiki cha picha za uchunguzi baada ya daktari kupapasa shingo yangu na kugundua uvimbe mdogo upande wa kulia. Mpimaji hakuwa na pupa: aliniwekea mto chini ya mabega ili shingo ijikunje kwa nyuma, akapaka jeli (ya baridi kweli kweli), kisha akapitisha kifaa pande zote mbili za tezi na kwenye tezi za limfu zilizo jirani, ambazo mwenye haraka angeziruka. Pia alinieleza bila kuficha kwamba picha huonyesha umbo la tezi, si kiasi cha homoni inachotoa, hivyo kipimo cha damu cha TSH (homoni inayoichochea tezi hiyo) kilibaki kuwa cha lazima.

Kasoro ilikuwa kwenye ripoti. Iliandikwa tu kwamba uvimbe upo, bila ukubwa wala daraja la TI-RADS (mfumo wa kupanga uvimbe wa thairoidi kwa uwezekano wa kuwa saratani, daraja la 5 likiwa la juu kabisa), ilhali hayo ndiyo humwongoza daktari kuamua kama chembe zivutwe kwa sindano: uvimbe wa daraja la 5 hupendekezwa kuchomwa sindano hiyo ukifikia sentimita 1, na wa daraja la 3 ukifikia sentimita 2.5. Nililazimika kurudi kudai ripoti kamili, nayo ikasema sentimita 1.8, daraja la 3, yaani wa kufuatiliwa kwa ultrasaundi nyingine baadaye. Kwa kipimo nitarudi hapa hapa, ila ripoti nitaisoma dirishani kabla ya kuondoka.