TAHADHARI: Anauza nyumba Detroit kwa kwitklemu ("quitclaim", hati isiyo na dhamana), msimpe hata senti moja

Ndugu zangu, nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na nisipoandika leo nitaendelea kunyamaza kwa aibu kama nilivyonyamaza wiki tatu hizi, na yeye ataendelea kuwaliza wengine. Jina lake nimeliacha kwa polisi, hapa siliweki. Waliokuwepo kwenye michango ya ule msiba wa Novemba wanamjua, ndiye aliyeshika daftari.

Amenila dola 24,000. Akiba ya miaka sita. Mnajua nilikuwa naweka kwa ajili ya mama, sirudii.

Siku ile ilikuwa Jumamosi. Mimi na mdogo wangu tuliondoka Columbus saa kumi na moja alfajiri, saa mbili na nusu tuko Detroit. Tulimkuta amekaa ngazini mwa nyumba na chupa ya chai ya tangawizi na vikombe vitatu. Hakufungua mlango yeye. Alinishika kiganja, akaniwekea ufunguo, akasema, "Fungua mwenyewe dada yangu, ni kwako." Nikafungua. Rangi bado ilikuwa inanuka. Kile chumba cha chini, karibu na bafu, nilikipima kwa hatua ili nijue kitanda cha mama kitakaa upande gani. Yeye amesimama mlangoni ananitazama nikipima, na anajua.

Tukaenda duka moja la kutuma vifurushi ambako kuna notari. Akatoa karatasi moja. Nikamwuliza, "Ni hii tu?" Akanijibu, "Huku si kama kwetu dada, mambo hayana mzunguko. Hii inaitwa kwitklemu. Nasaini, unasajili kaunti, kwisha." Notari akaangalia leseni yake ya udereva, akamwona asaini, akagonga muhuri. Niliposikia ule muhuri moyo wangu ulitulia, nikaona serikali imeshuhudia. Kumbe notari anashuhudia kwamba anayesaini ndiye yule wa kwenye kitambulisho, basi. Kama nyumba ni yake au si yake, haimhusu.

Hundi ya benki nilimpa pale pale kwenye maegesho. Aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Mungu akuzidishie." Mikono miwili jamani! Kila nikifumba macho naiona ile mikono.

Najua mtaniuliza wakili alikuwa wapi. Nilimtaja wakili. Akaniambia mawakili wa huku wanakula wageni, weka hizo hela ununulie mama kitanda kizuri. Na mimi ningemkatalia vipi? Huyu ndiye aliyekesha na sisi siku tatu kwenye msiba. Alikuwa ananiombea mwanangu kwa jina. Tena hati niliisajili kweli, kaunti ya Wayne waliipokea, ikapata namba, nikapiga picha nikaituma kwenye kundi letu. Wengi wenu mlinipongeza. Mtu aone namba ya kaunti ashuku nini tena?

Wiki ya tano akaja mama mmoja mlangoni, mtu mzima, amebeba karatasi ya mazishi yenye picha ya mama yake. Nyumba ile ilikuwa ya mama yake. Marehemu hakuacha wosia, watoto wako wanne. Mmoja tu, kijana mwenye shida zake, ndiye aliyemsainia huyu ndugu yetu kwitklemu kwa hela kidogo, na yeye akanisainia mimi. Yule mama hakunipigia kelele. Alikaa pale pale ngazini akalia, na mimi nikalia naye.

Sasa nisikilizeni. Kwitklemu ni hati ya kuachia dai. Anayesaini hasemi nyumba ni yake. Anasema kama nina haki yoyote hapa, nakuachia. Akiwa na robo, unapata robo. Akiwa hana kitu, hupati kitu, na hati inasajiliwa vile vile, kwa sababu ofisi ya usajili inatunza karatasi, haiamui nani mwenye mali. Kwa Michigan hati ya mauzo yenye dhamana inaandikwa anahamisha na kudhamini. Yangu imeandikwa anaachia. Neno moja hilo ndilo limenimaliza, maana hata nikimshtaki kwamba hati ni mbovu, hati yenyewe haikuniahidi kitu.

Na kodi. Ile yenye dhamana haisajiliwi mpaka mtunza hazina wa kaunti athibitishe kwamba kodi za miaka mitano iliyopita zimelipwa. Kwitklemu haidaiwi uthibitisho huo. Nyumba yangu ina deni la dola 9,300, na kule kodi ikilala miaka mitatu kaunti inaichukua nyumba. Deni linafuata nyumba, halimfuati aliyekula hela.

Mume na mke wakiachana wanaitumia kwitklemu, mzazi kumpa mtoto wanaitumia, sawa, hao wanajuana. Kununua nyumba kwa mtu kwa hela taslimu, hapana. Ulizia kampuni ya taito (ya kuchunguza hatimiliki), ikague wamiliki na madeni, ikupe bima ya hatimiliki. Muuzaji akikwepa hapo, ondoka. Anuani ya nyumba unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya mtunza hazina ukaona deni, mimi sikujua. Alikuwa pia ananiharakisha, na alitaka tusiambiane na watu "mpaka iishe". Nilitakiwa kustuka hapo.

Lakini huyu mtu afungwe. Asishike daftari la msiba wowote tena, asipewe kipaza sauti kanisani, asikaribishwe chai nyumbani kwa mtu. Juzi amenipigia eti tuyamalize kifamilia. Kifamilia alipokuwa ananitazama nikipima chumba cha mama?

Nimesikia yuko Mswahili mwenzetu wa Grand Rapids ameonyeshwa nyumba mwezi huu. Anayemfahamu ampigie sasa hivi, asingoje jioni. Na wewe uliyesainiwa karatasi kama yangu, njoo unione faragha na nakala ya hundi yako. Jumatatu saa tatu asubuhi nina miadi na mpelelezi Detroit, na gari lina nafasi tatu.