Uzoefu wangu wa wiki 12 na programu ya mazoezi ya visawe

Ilipobaki miezi mitatu kabla ya mtihani wa kujiunga na shule aliyoitamani binti yangu, tuligundua kwamba hesabu hazikuwa zikimsumbua. Kilichomsumbua ni sehemu ya msamiati, ambayo mtahiniwa hupewa neno moja na kutakiwa achague, kati ya maneno manne au matano, lile lenye maana iliyo karibu nalo zaidi. Ni msomaji mzuri wa hadithi, lakini alikuwa na mazoea ya kuyaruka maneno asiyoyajua na kukisia habari kutokana na yanayoyazunguka. Katika hadithi mazoea hayo hayana madhara makubwa. Katika swali lenye neno moja lililosimama peke yake, hakuna cha kukisia. Ndipo nikalipia programu ya simu ya mazoezi ya visawe na vinyume, tukaitumia kila siku kwa wiki 12. Jina lake naliacha, kwa kuwa ninachotaka kukieleza ni namna inavyofundisha, na hapo ndipo ninapoona mzazi anapaswa kuangalia kabla ya kulipa.

Nianze na inachokifanya vizuri. Kila neno jipya huingia katika sanduku la kwanza. Likijibiwa sawasawa linahamia sanduku la pili na kurudi baada ya siku kadhaa, kisha la tatu, na kadiri linavyosogea ndivyo muda wa kurudi kwake unavyorefuka; likikosewa, hata kama lilishafika sanduku la nne, linarudishwa mwanzo. Utaratibu huu mwandishi Sebastian Leitner aliueleza mwaka 1972, akitumia kadi za karatasi, na msingi wake ni wa zamani zaidi. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hutoweka mapema sana, na kwamba kukirudia kwa vipindi vilivyoachana kuna faida kuliko kukirundika kwa siku moja. Mimi nilikuwa nikirundika. Nilimwandikia orodha ya maneno 40 kila Jumapili, jioni ananijibu vizuri, na ikifika Jumatano nusu yake hayapo. Kwa programu hii, maneno aliyoyapata wiki ya kwanza, kama vile bashasha, fununu na ajizi, alikuwa bado anayo wiki ya kumi bila mimi kumkumbusha. Kwa upande wa kumbukumbu, basi, sina lawama yoyote, na nisingependa kurudi kwenye orodha zangu.

Lawama yangu iko kwenye maana. Programu huyapanga maneno wawiliwawili, kana kwamba kila neno lina pacha wake: mchoyo ni bahili, bahili ni mchoyo, kisha tunaendelea. Wiki ya tatu nilimwomba aniandikie sentensi kwa neno mchoyo, akaandika kwamba jirani fulani ni mchoyo kiasi kwamba hata viatu vyake mwenyewe hataki kununua. Nilipomwambia kuna jambo halijakaa sawa alishangaa sana, kwani simu ilikuwa imempa alama zote kwa neno hilo. Anayeona uchungu kutoa fedha hata kwa haja zake mwenyewe ni bahili. Mchoyo ni yule asiyependa mwenzake apate katika kile alicho nacho. Maana hizo mbili hukutana mahali pengi, lakini haziwi moja, na swali linapouliza neno lenye maana iliyo karibu zaidi, mtunzi wake anaweza kuyaweka yote mawili katika machaguo kwa makusudi. Halikadhalika tele, maridhawa na kochokocho. Yote yanasema habari ya wingi, ila sidhani kama kuna mwalimu atakayefurahia kulikuta kochokocho katika barua rasmi, na programu haikumdokezea mtoto hata mara moja kwamba maneno yana mahali pake pa kutumika.

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kulitambua, na naliona ni zito kuliko la kwanza. Baadhi ya maswali yametungwa ndani ya sentensi, na upatanisho wa kisarufi ndani ya sentensi hiyo huvujisha jibu. Jioni moja niliketi kando yake akajibu swali hili: “Walimpokea kwa heshima kubwa”, na machaguo ya kuchukua nafasi ya heshima yalikuwa maneno, vicheko, taadhima na ushauri. Akabonyeza taadhima mara moja, na ndilo jibu. Nikamuuliza taadhima ni nini. Akanyamaza, kisha akasema hajui, ila maneno yangetaka makubwa, vicheko vingetaka vikubwa, na ushauri ungetaka mkubwa, kwa hiyo lililobaki ni moja. Nilimpongeza kwa dhati, kwa sababu ni mbinu halali na siku ya mtihani inaweza kumwokoa, lakini neno hilo lilikuwa limekwisha kupanda hadi sanduku la nne kwa njia hiyohiyo, na lilipangiwa kurudi baada ya wiki tatu kama neno linalojulikana. Tukapitia masanduku ya juu usiku ule, tukakuta maneno 17 ya namna hiyo. Watunzi wa mazoezi wangelizuia hili kwa urahisi kama machaguo yote ya swali moja yangetoka katika ngeli moja.

Kuanzia hapo tulianzisha daftari, na daftari ndilo lililoifanya programu istahili fedha yake. Kila neno lililofika sanduku la tatu liliandikwa pamoja na kisawe chake, kisha sentensi moja ambayo maneno yote mawili yanakubali, na nyingine ambayo moja linakataa. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Kwa maneno haraka na hima alikaa karibu robo saa akinong’ona peke yake, halafu akaniletea: “Njoo haraka” na “njoo hima” yanakubali, lakini mtu husema “samahani, nina haraka”, hasemi “nina hima”. Jibu hilo hakulikuta kwenye simu wala mimi sikumpa, na hadi leo sijamsikia akilikosea neno hima. Tulikuwa tukifanya maneno matano tu kwa siku kwa namna hii, wakati programu ilitaka 15. Nilipunguza idadi katika mipangilio, na nashauri mzazi mwingine afanye hivyo tangu siku ya kwanza.

Katika mipangilio hiyohiyo kuna saa inayohesabu sekunde kurudi nyuma. Tuliizima miezi miwili ya mwanzo, kwa sababu ilivifanya vidole viwahi kuliko macho, tukaiwasha wiki nne za mwisho ili azoee kasi ya mtihani. Sauti inayosoma maneno niliizima moja kwa moja: ilitamka adhimu na adimu kwa namna moja, na kwa mtoto anayejifunza kwamba la kwanza ni lenye utukufu na la pili ni lisilopatikana kwa urahisi, kosa hilo ni kumchanganya akiwa bado hajasimama. Maneno hayo niliyasoma mwenyewe. Niliwaandikia wenye programu kuhusu sauti hiyo na kuhusu maswali yanayovuja. Wakajibu kwa adabu kwamba wamepokea, ila hadi tulipomaliza hapakuwa na badiliko nililoliona.

Binti yangu alifaulu na amepata nafasi aliyoitaka. Sisemi ni programu iliyomfaulisha, kwa kuwa alisoma mengi mengine pia, lakini alipotoka kwenye chumba cha mtihani jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba swali moja liliweka fununu na uvumi pamoja kati ya machaguo, na kwamba alijua kwa nini amechagua alilochagua. Usajili wetu una miezi minne iliyosalia. Mdogo wake ameuanza juzi, saa imezimwa, sauti imezimwa, maneno ni matano kwa siku, na daftari lake tayari lina kurasa mbili.