Invata ya mota kwenye mashine ya msasa niliyojiundia: tathmini baada ya miezi minane

Mashine yangu ya msasa wa mkanda niliiunda mwenyewe kwa mabomba ya mraba, puli tatu na mota, nayo hutumia mkanda wenye upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 72. Kazi yake ni kuchonga visu vya jikoni na vya buchani kutokana na springi za malori. Kwa miezi minane sasa mwendo wake unaongozwa na invata ya mota ya kilowati 1.5, yaani kifaa kinachopokea umeme wa kawaida wa nyumbani wa fezi moja na kuutoa ukiwa wa fezi tatu, kwa masafa (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) ninayoyachagua mimi. Bei yake ilikaribia bei ya mota yenyewe, na kwa hiyo mafundi wenzangu huuliza kila mara kama inastahili. Kwa maoni yangu inastahili kabisa, ila muuzaji alinyamazia mambo mawili ambayo yangeweza kuiua ndani ya wiki chache.

Kabla yake nilikuwa na mota ya fezi moja yenye kapasita ya kuwashia, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ili kuisukuma mota ianze kuzunguka, na duka moja liliniuzia kidhibiti cha feni likinihakikishia kwamba kingetosha. Hakikutosha, na sababu yake ni muhimu kuifahamu kabla mtu hajatoa fedha mfukoni. Mwendo wa mota ya aina hii hufuata masafa ya umeme, haufuati volti. Ukipunguza volti, mota huendelea kukimbia karibu vilevile huku nguvu ikiisha, mpaka mkanda ugusapo chuma ndipo inaposimama na kunguruma. Tena, ndani yake mna swichi inayoitoa kapasita ya kuwashia mara mota inapokaribia mwendo wake kamili. Mwendo ukishuka mno, swichi hiyo hujifunga upya, na kapasita iliyokusudiwa kufanya kazi kwa sekunde chache hubaki ndani ya umeme hadi ipasuke. Yangu ilipasuka siku ya tatu. Kwa sababu hiyohiyo, mota hiyo haifai kuungwa kwenye invata hii. Inahitajika mota ya fezi tatu.

Mota niliyoinunua baadaye ina kibao kinachosomeka volti 220/380, na hapo ndipo wengi hukosea. Invata inayolishwa umeme wa fezi moja wa volti 230 haiwezi kutoa 380, kwa hiyo vibati vya shaba ndani ya kisanduku cha mota lazima vipangwe kwa muunganisho wa delta, ambao ndio wa volti 220. Vikiachwa katika muunganisho wa nyota, ambao ni wa volti 380, mota itazunguka, lakini itakuwa dhaifu kiasi kwamba utaidhania mbovu.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kwa hezi 50, masafa ya umeme wa kawaida wa nyumbani, mota yangu huzunguka mara 1,420 kwa dakika, na kwa puli ya kuendeshea yenye kipenyo cha milimita 125 mkanda hukimbia karibu mita 558 kwa dakika. Nikipandisha hadi hezi 75, mkanda hufikia takriban mita 836, mwendo ambao msasa mkali wa namba 36 hula springi kwa kasi ya kuridhisha, ingawa juu ya hezi 50 nguvu ya msokoto hupungua na haifai kukandamiza sana. Lakini thamani halisi ya kifaa hiki iko chini, kwenye hezi 15 hadi 20. Kisu kikishachovywa kwenye mafuta kikiwa chekundu kwa moto ili kiwe kigumu, na kisha kulegezwa kwa moto wa kiasi ili kisivunjike upesi, makali yake ni membamba na hushika joto upesi mno; yakigeuka rangi ya buluu, ambayo hutokea karibu na nyuzi 300 za Selsiasi, ugumu umekwisha kupotea na kazi ya siku nzima inarudi motoni. Kwa mwendo wa chini ninashika kisu kwa vidole vitupu, ninakichovya majini baada ya kila mpito, na tangu nifunge invata sijapoteza kisu hata kimoja kwa njia hiyo. Mipini ya mpingo nayo haiungui tena.

Jambo la kwanza lililonyamaziwa ni vumbi. Invata hii ina matundu ya hewa na feni ndogo inayovuta hewa kupita juu ya saketi zake, na vumbi la msasa ni chuma kinachopitisha umeme. Niliifunga ndani ya sanduku la bati lenye kitambaa cha kuchujia hewa, mita mbili kutoka kwenye mashine, na kitufe cha kuzungusha cha kuongezea mwendo nikakivuta kwa waya hadi karibu na mkono wangu. Kila ninapoifungua kuisafisha huzima umeme na kusubiri dakika kumi, kwa maana kapasita zake hubaki na chaji ya hatari.

Jambo la pili ni plagi. Kwa mzigo kamili kifaa cha ukubwa huu kinaweza kuvuta ampia 14 au zaidi kutoka kwenye fezi moja, na plagi ya ampia 13 niliyoanza nayo ilipata moto hadi plastiki ikalainika. Sasa ina waya wake wenyewe kutoka kwenye kikata-umeme, pamoja na waya wa ethi uliofungwa kwenye fremu ya mashine.

Kasoro iliyobaki ni ya mota zaidi kuliko ya invata: feni ya mota imefungwa kwenye shafti yake, kwa hiyo ikizunguka polepole haipozi vya kutosha. Baada ya dakika ishirini hivi za hezi 15 ganda lake halishikiki, nami huiacha izunguke bila mzigo kwa hezi 50 mpaka ipoe. Ninakusudia kufunga feni ya pembeni yenye umeme wake.